Kiingereza cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikataa nimwoe binti yake kwa sababu moja tu: nilikuwa mwalimu mzuri. Hakunikataa kwa umaskini, ingawa suruali niliyokuwa nayo ilikuwa moja, tena ya mtu mnene. Hakunikataa kwa ugeni, ingawa pale Tunduma mimi nilikuwa Mnyasa tu, mtu wa kuja kutoka pande za Karonga, nisiye na shamba wala kaburi la babu. Alinikataa kwa sababu Kiingereza nilichokuwa nikimfundisha kilikuwa kinamwingia, na yeye alikuwa bado hajashiba.

Naandika haya kwa mkono wangu na sina aibu ya mwandiko. Shule ya misheni kule kwetu niliingia kwa mlango wa mbele nikatokea wa nyuma. Nilichonacho nimekitafuta mwenyewe. Nyumba hii ya bati ninamoandikia, ng'ombe, mashine ya kusaga, vyote chanzo chake ni Kiingereza, na Kiingereza nilikipata jikoni.

Siku hizo za Mwingereza nilikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja wa migodi ya shaba, Rodeshia ya Kaskazini. Bwana alikuwa mtu wa kimya. Mkewe, memsabu, alisema kwa niaba ya wote wawili. Tangu jua linachomoza mpaka sahani ya mwisho imekauka, yule mama hakuwa na sentensi isiyokuwa amri. Nawa mikono. Supu hii ya baridi, irudishe. Nani amevunja jagi? Usinijibu. Ondoka jikoni mwangu. Rudi jikoni mwangu. Kwa hiyo Kiingereza changu kilisimama wima, hakikujua kuinama. Salamu sikuzijua sawasawa, maana hakuwa akinisalimu. Lakini mtu akitaka kujua namna ya kukataa yai lililochemshwa kupita kiasi, nani angenishinda toka pale mpaka Mbeya?

Nilipochoka kuulizwa habari za majagi nikaacha kazi, nikapanda lori la mizigo kwenda Mbeya, nilikosikia hoteli inatafuta wapishi. Lori likakatika ekseli Tunduma, karibu kabisa na mpaka. Dereva akalala chini yake akitukana, sisi abiria tukakaa majanini. Ikaja motokaa ndogo, Mzungu akashusha kioo akauliza jambo. Nikamjibu. Akauliza lingine, nikamjibu tena, kwa sauti ile ile ya memsabu, maana nyingine sikuwa nayo. Mzungu akaomba radhi, akapandisha kioo, akaenda zake.

Watu walikuwa wamejaa kando ya barabara.

"Mmeona?" mmoja akapiga kelele. "Mnyasa amemgombeza Mzungu! Na Mzungu kaondoka!"

Mzee mmoja fundi baiskeli, mwenye kibanda pale njiani, akanishika mkono. "Wewe huendi Mbeya," akaniambia. "Lori hilo nalijua, halitapona. Njoo ulale kwangu." Asubuhi nikakuta vijana wamechuchumaa mlangoni wakingoja niamke. Wote walitaka kwenda migodini, na huko mtu asiye na neno la Kiingereza hupewa koleo, basi. "Shikamoo, mwalimu," wakasema. Nikageuka kutazama nani ameitwa. Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Nikakaza mkanda wa ile suruali nikasema, "Ingieni kwa mstari."

Ndivyo nilivyopata ualimu. Wengine hupewa na serikali, mimi nilipewa na ekseli.

Mzee mwingine, mwenye ng'ombe, alituazima ghala lake la ulezi, lililokuwa tupu mpaka mavuno. Vijana walinilipa kwa walichokuwa nacho: maharage, kuni, kuku, na mmoja alikuwa akininyoa. Vitabu hatukuwa navyo. Tulikuwa na sahani ya bati, kijiko na jagi. Nilijifunga shuka kiunoni nikawa memsabu, mwanafunzi akawa mpishi. Namgombeza, ananijibu. Halafu tunabadilishana, yeye anakuwa memsabu, mimi mpishi. Kila mtu lazima awe memsabu, hata awe na ndevu. Mpaka leo wapo wazee Tunduma wakikasirika hushika kiuno kwa mkono mmoja na kunyoosha kidole kwa mwingine, nami najua walisomea wapi.

Sasa, mwenye ghala alikuwa na mke. Mama mnene wa wastani, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo kanisani; akianza yeye, waliokaa nyuma kabisa walikuwa wanajua mstari. Siku za mwanzo alikuja kufagia tulipomaliza. Kisha akawa anakuja kabla hatujamaliza. Siku moja akaja asubuhi na kigoda chake, akakiweka mbele ya wote, akakaa.

"Mayo," nikasema, kwa jinsi wanavyomwita mama pale, "umesahau ufagio."

"Ufagio uko kwa mume wangu. Mimi leo nasoma."

Vijana wakacheka. Mmoja akauliza, "Mayo, na wewe unakwenda mgodini?"

"Mgodini ni karibu. Mimi nakwenda kwa mdogo wangu."

Tukaelezwa. Mdogo wake alikuwa ameolewa na karani upande wa pili wa mpaka. Kila mwaka ulezi ukishavunwa, huyo mdogo wake huvuka kuja kula ugali mpya, amevaa viatu vya kisigino, na kila apewacho hujibu kwa Kiingereza. Akipewa maji, tenki yu. Akipewa kigoda, tenki yu veri machi. Kuku akipita, kuku naye anashukuriwa. Halafu anamtazama dada yake na kusema kwa huruma, "Nyie wa upande huu, bado mko nyuma."

"Mimi ndiye niliyembeba mgongoni," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemfuta kamasi. Mwaka huu akifungua mdomo, nataka nimjibu mpaka aone nyota. Haya, mwalimu, anza. Mbona umesimama kama mti wa simu?"

Nimefundisha watu wengi maishani, sijapata mwingine kama yule. Alichokisikia hakikutoka. Akiwa memsabu, mpishi alitetemeka kweli. Na mimi mwenyewe nikikosea kuwa memsabu wa kutosha alinikemea: "Mwalimu, leo hujala? Sauti nyembamba kama kifaranga. Memsabu gani huyo? Huyo ni memsabu wa mkopo!"

Binti yake alikuwa akitumwa na baba kuja kumwita: ugali unapoa, mzee amenuna. Siku ya kwanza alifika nikiwa nimejifunga shuka, nimeshika kiuno, namfukuza kijana jikoni. Alicheka mpaka akakaa chini mlangoni, akashika mbavu. Alipopata pumzi akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu au ndiye mpishi?"

"Vyote viwili."

"Basi mkeo atakuwa na kazi gani?"

Nilifundisha vibaya siku ile. Swali lile lilinikaa. Nilirudi kwa fundi baiskeli nikamwambia, tata, yaani baba, nimepata mtu. Akaweka chini pampu yake. "Najua," akasema. "Kila mtu anajua. Hata ng'ombe wa baba yake wanajua. Lakini una shida kubwa, mwanangu, na sijui kama unaiona."

Sikuwa naiona. Akanieleza. Kwa watu wa pale siku zile, kijana na mama mkwe wake hawaonani. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa. Siku baba wa binti anapopokea jembe la mchumba, tangu dakika ile mama wa binti na kijana yule hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Mwenye neno la lazima hulituma kwa mtu, au huliambia kitu kingine, mbuzi au kinu, na mwenzake hujifanya amelisikia kwa bahati. Hukaa hivyo mpaka watoto wazaliwe na wazee waridhike.

"Kwa hiyo," fundi akamaliza, "ukipeleka jembe, mama yule hatakanyaga tena darasani kwako. Utamwambia nini?"

Sikumwambia kitu. Nilinunua jembe jipya, fundi akawa mshenga wangu, akalibeba kwenda nalo. Akarudi nalo.

"Baba amesemaje?"

"Baba hakupata nafasi. Mama amelichukua mkononi mwangu, akalipima uzito, akasema ni jembe zuri, akanirudishia."

"Amenikataa?"

"Amesema hivi: 'Huyu si mkwe, huyu ni mwalimu wangu. Wakwe wamejaa, nikitikisa mti wanaanguka. Mwalimu nitamtoa wapi?'"

Kesho yake akaja darasani na kigoda chake kama kawaida, akakaa mbele. "Mwalimu," akasema mbele ya watu wote, "nasikia una haraka. Hata mimi nina haraka. Nifundishe upesi, nimalizane na mdogo wangu, halafu leteni jembe lenu, mimi nitaingia majanini na sitatoka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mayo."

Nikafundisha kama mtu anayekimbiwa na basi. Asubuhi supu, mchana mayai, jioni jagi. Vijana wa migodini wakalalamika kwamba somo sasa ni la mtu mmoja. Niliwajibu asiyetaka arudi kwao. Nilikuwa nakonda. Binti akipita na mtungi alikuwa ananiuliza, "Mama amefika wapi?" Namjibu, "Amefika kwenye nyama iliyoungua." Ananiuliza, "Bado mbali?" Wengine huchumbiana kwa maneno matamu, sisi tulichumbiana kwa kuhesabu masomo.

Ningefika salama kama si gramafoni. Kijana mmoja alirudi kutoka migodini na sanduku la kuimba, kofia, na nia. Alianza kuja jioni uani kwa yule mzee, anaweka gramafoni juu ya kinu, anauzungusha mkono wake, watu wanajaa. Mama hakumzuia. Kwani angemzuia kwa nini? Huyo hakuwa mwalimu wa mtu. "Huyu ndiye mkwe," alimwambia fundi bila kuficha. "Huyu hata nisipomwona maisha yangu yote sitapungukiwa." Fundi alipokuja kunipa habari hizo alikuta nimekaa juu ya jembe langu.

Aliyeniokoa ni ng'ombe. Yule mzee alikuwa mtu wa maneno machache, aliyewapenda ng'ombe zake kuliko sisi sote tuliokuwa tukimzunguka. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na ng'ombe huyo aliposikia mwanamke anaimba ndani ya sanduku alikata kamba, akaruka uzio, akapatikana kijiji cha Mpemba. Aliporudishwa alikuwa ameficha maziwa. Mzee akamkamua, hakuna. Akamkamua tena, hakuna. Mama alikuwa shambani. Mzee akatembea mwenyewe, na fimbo yake, mpaka kibanda cha baiskeli.

"Lile jembe la Mnyasa liko wapi?"

"Lipo, tata."

"Lilete. Mnyasa naye ana kelele, lakini walau yeye huzipigia ndani."

Nilipoambiwa kwamba jembe limepokelewa nilirusha kofia, ikanasa juu ya paa la fundi, nikaiacha huko. Nilicheza barabarani peke yangu. Dereva mmoja wa lori alisimama akidhani namwomba lifti. Nilikuwa na mke! Mtu wa suruali moja! Usingizi wenyewe niliusahau.

Asubuhi naenda ghalani, najipigia mluzi, nikamwona mama anakuja njia ile ile na kikapu cha ulezi kichwani. Hakuna aliyekuwa amemwambia, hata mumewe alikuwa hajathubutu. Alinipungia mkono. "Gudi moningi, mwalimu!" akaita. Mimi sikujibu, niliinamisha uso. Akaita tena. Nikaingia majanini. Ndipo akaelewa. Nilisikia kikapu kinaanguka, halafu nilisikia majani ya upande wa pili yakivunjika, maana na yeye aliingia kwake. Tukakaa hivyo, yeye kushoto, mimi kulia, njia katikati haina mtu, ulezi umemwagika. Kutoka kwenye majani yale ikatoka sauti ya kuanzisha nyimbo:

"Mume wangu! Mume wangu wee! Umeniuzia mwalimu kwa ng'ombe!"

Siku ile niliingia darasani nikijua nimempoteza. Kigoda chake hakikuwepo. Nikajifunga shuka, nikashika kiuno, sikuwa na moyo. Ghafla nje, nyuma ya ukuta wa ghala, pakasikika kitu kizito kikiburutwa, kisha sauti.

"Kinu," ikasema. "Mwambie mtu aliyemo humo ndani kwamba amefanya haraka kama mwizi wa kuku."

Vijana wakaziba midomo. Mimi nikautazama ukuta. "Ukuta," nikasema, "mwambie mayo kwamba jembe limepokelewa na mwenye mji."

"Kinu, mwenye mji nitaonana naye. Mwambie huyo aanze somo. Mdogo wangu anakuja Jumamosi, na wengine hatukuja hapa kuchumbia."

Tukasoma hivyo. Mimi ndani namgombeza kijana, yeye nje anarudia kila neno akikigombeza kinu. Akikosa neno anakiuliza kinu kwa lugha ya kwao, mimi nalisema kwa nguvu kama ninayemwambia kijana. Hakuna aliyetazamana na mtu, hakuna aliyesemeshana na mtu. Kinu kile nadhani kilijua Kiingereza kuliko makarani wengi.

Jumamosi mgeni akavuka. Viatu vya kisigino, mwavuli, kijikoba. Uani palikuwa pamejaa majirani waliojifanya wamekuja kuazima moto. Mimi nilikuwa ghalani na vijana, kwa amri iliyopitia kwenye kinu: kama atapungukiwa na neno, niwe karibu. Kuchungulia sikuweza, maana mama alikuwa pale uani. Vijana ndio waliobandika macho kwenye nyufa, wakawa wananisimulia.

"Amekaa. Mama kampa maji."

"Tenki yu," nikasikia mgeni akisema.

"Binti kaleta ugali."

"Tenki yu veri machi."

"Anamwambia mama kwamba nyie wa upande huu bado mko nyuma. Anakata tonge, mwalimu! Anakata!"

Halafu kijana akanong'ona, "Mayo amesimama. Ameshika kiuno."

"Washi yo hendi!" ikalia sauti ile, na nadhani ilisikika mpaka Rodeshia.

Maana yake: Nawa mikono yako, tonge likiwa hewani. Mgeni akajaribu kucheka, akasema tenki yu. Akaambiwa kwa Kiingereza asijibu. Akaulizwa nani amevunja jagi. Akaambiwa supu ni ya baridi, nyama imeungua, mayai yamechemshwa kupita kiasi, na aondoke jikoni, na arudi jikoni. Yote haya mimi nayasikia, neno kwa neno, hakuna lililopotea njiani, na machozi yananitoka kwa furaha. Yule mgeni alikuwa na Kiingereza cha kushukuru tu. Cha kugombezwa hakuwa amefundishwa.

"Anainuka!" vijana wakapiga kelele. "Mwalimu, anainuka! Anakwenda kunawa kweli!"

Hapo ushindi ukampanda mama kichwani. Akatazama huku na huku, maji ya kunawa hakuna. Akaligeukia ghala na kuita kwa Kiingereza, kama memsabu mwenyewe amefufuka, maji yaletwe, upesi!

Niseme ukweli: si mimi niliyejibu. Ni ile miaka ya jikoni. "Yesi, madamu!" nikaitikia, na kabla akili haijafika, mkono wangu ulikuwa umekamata jagi na kulitoa nje kwa kile kidirisha kidogo cha ghala. Mgeni akalipokea. Akanawa. Akamaliza kunawa, akajifuta, kisha akautazama ule mkono uliokuwa bado unaning'inia dirishani. Akajua ni wa nani.

"Haa!" akapiga ukelele, safari hii kwa lugha ya mama yake. "Dada amesemeshana na mkwe wake! Mmesikia wote! Na mkono wake tumeuona! Uchumba umeharibika huu!"

Uani pakavurugika. Nikaurudisha mkono ndani, lakini ilikuwa bure. Jambo lile halikuwa mchezo. Uchumba ukivunjiwa heshima namna ile, wazee huweza kurudisha jembe, na binti akawa huru kwa mwingine. Jioni ile ile wazee wakaketi, kaka mkubwa wa baba yake binti akiongoza. Mimi niliwekwa nyuma ya uzio wa matete nisikilize nisionekane. Nyuma ya watu wote, fundi aliniambia, alikaa yule kijana wa mgodini, amevaa kofia yake, gramafoni imo magotini imefungwa vizuri, tayari. Moyo wangu ulikuwa unagonga matete.

"Mama," yule kaka mkubwa akamwambia mgeni, "wewe ndiye mshitaki. Umesema dada yako amesemeshana na mkwe. Alimwambia nini?"

"Alimwambia... alisema Kizungu."

"Sisi Kizungu hatukijui. Wewe unakijua, kila mwaka unatuambia. Tufasirie."

"Alisema maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kunawa."

"Nani anawe?"

Mgeni akakohoa. Watoto wakaanza kuchekacheka.

"Hebu tuanzie mwanzo," mzee akasema kwa upole, "maneno yote, tangu uliposhika tonge. Alikuambia nini, na wewe ukafanya nini?"

Nilimwona moyoni mwangu, na mwavuli wake, mbele ya ukoo mzima. Kuyafasiri maneno yale ni kukiri kwamba dada yake, wa upande wa nyuma, alimwamuru kwa Kiingereza akanawe, na yeye akaenda kunawa. Akakohoa tena.

"Sikumbuki," akasema.

"Hukumbuki?"

"Yalikuwa mengi."

"Dada mtu, wewe unasemaje?"

"Mimi nilikuwa naongea na kinu," akasema mama mkwe wangu. "Kiulizeni."

Wazee wakainamiana. Walizozana sana kuhusu mkono. Mmoja alisema mkono wa mkwe ni mkwe. Mwingine akauliza, je, mkono una uso? Wa tatu akasema alivyoona yeye ulikuwa mkono wenye adabu, umempa mgeni maji, hata mkwe mzima hufanya vibaya kuliko hapo. Baba wa binti hakusema lolote ila neno moja, "Ng'ombe," akamtazama yule mwenye gramafoni kwa muda.

Kisha mkubwa wao akasafisha koo. "Shahidi hakumbuki, na sisi hatukuelewa. Basi tulichosikia hakikuwa maneno, zilikuwa kelele. Na kelele za mke wa ndugu yangu tumezizoea tangu anaolewa. Mnyasa atoe kuku mmoja kwa ajili ya mkono. Jembe linabaki."

Nilipiga kelele nyuma ya matete kama mwendawazimu. Nikatoa kuku wawili, wa pili wa furaha. Wazee wakamrudisha, wakasema hukumu ni mmoja.

Binti aliletwa kwangu ulezi ulipokwisha kupurwa. Mashangazi zake walimfikisha kwa nyimbo, wakamkalisha kwenye mkeka, wakatuacha. Nami nikataka kumwonyesha kwamba ameolewa na mtu. Nikamwambia, "Mke wangu, nitakufundisha Kiingereza kuliko mama yako. Tutaanza hata kesho."

Akatikisa kichwa.

"Mimi usinifundishe kitu," akasema. "Sasa mama ataongea na wewe kwa Kizungu kila siku, na wewe utamjibu, mtagombana mpaka mzeeke. Wazee wataniita waniulize mmesemaje. Nataka niwe nasema kweli kwamba ninasikia kelele tu."

Akafungua kikapu chake, akatoa ugali uliofungwa kwenye majani ya mgomba, akakata tonge, akanipa mimi kwanza.